Darasa la Sanaa Huria kwa Watoto Wadogo, Bagamoyo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wazazi, kwa bibi na babu wanaolea wajukuu, na kwa walimu wa elimu ya awali wanaotaka kujua tunachokifanya kabla ya kutuletea watoto wao. Yamepangwa kuanzia yale yanayoulizwa mlangoni siku ya kwanza hadi yale ambayo mzazi huyauliza pembeni, kwa sauti ya chini, baada ya kutuzoea. Pale ambapo jibu limekwisha kutolewa kwingine, tumeelekeza huko badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

Darasa la sanaa huria ni darasa la namna gani?

Ni darasa ambalo mtoto hupewa vifaa, nafasi na muda, lakini hapewi kielelezo cha kunakili wala haambiwi mapema atoke na kitu gani. Mwalimu anaweza kuweka mkekani udongo wa mfinyanzi, vijiti vya makuti na vifuu, akaeleza namna ya kuvitumia bila kuumia, kisha akaishia hapo. Anayetaka kuunda ngalawa ataiunda, anayetaka kupika ugali wa udongo ataupika, na anayetaka kuuponda tu udongo huo mpaka ulainike ataachwa auponde. Vifaa ni vilevile kwa wote. Uamuzi ni wa kila mtoto.

Wazo hili halikuanza jana. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya chekechea mwaka 1837, aliwapa watoto vipande vya mbao, nyuzi na karatasi ili wajifunze kwa mikono yao, ingawa utaratibu wake ulikuwa mkali kuliko wetu. Franz Cižek alifungua darasa la sanaa la watoto jijini Vienna mwaka 1897, akawaacha wachore wanavyoona wao. Katika mji wa Reggio Emilia nchini Italia, Loris Malaguzzi na wenzake waliweka karakana ya sanaa ndani ya shule za awali za manispaa, ambazo ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1963. Kwetu Tanzania, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inaweka ujifunzaji wa awali pamoja na afya, lishe, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama kuwa mahitaji ya kila mtoto mpaka afikishe miaka minane.

Mtoto aanze akiwa na umri gani?

Tunapokea watoto wa miaka mitatu hadi minane. Aliye chini ya miaka mitatu bado huchunguza vitu kwa mdomo, kwa hiyo huja na mtu mzima anayekaa naye muda wote, na vifaa vyake ni vichache: maji, udongo, brashi pana na ukuta wa kupaka maji. Hatuwatengi watoto kwa umri, kwa sababu mdogo hujifunza mengi kwa kumtazama mkubwa kidogo kuliko kwa kumtazama mwalimu. Tunachotenganisha ni vifaa, kama inavyoelezwa kwenye sehemu ya usalama.

Kipindi kimoja huendaje?

Tunakutana Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nne na nusu, chini ya mkungu uani. Watoto hunawa, huzunguka kuvitazama vifaa vilivyopangwa, kisha kila mmoja huchagua pa kuanzia. Hakuna kengele ya kuhama kutoka kituo kimoja hadi kingine. Mtoto aliyezama kwenye kazi yake hakatizwi kwa sababu tu wenzake wamemaliza. Robo saa ya mwisho ni ya kusafisha, na kusafisha ni kazi ya watoto wenyewe. Wengine huipenda kuliko kuchora, maana kuona maji ya ndoo yakibadilika kutoka meupe kuwa zambarau ni jambo la kutazamwa kwa utulivu.

Msimu una kauli yake. Kaskazi ikivuma karatasi hupeperuka, kwa hiyo tunafanya zaidi kazi za udongo na maboksi. Wakati wa masika tunahamia barazani, na michoro ya rangi za maji huachwa kwetu mpaka ikauke, jambo linaloweza kuchukua siku mbili au tatu. Mwezi wa Ramadhani kipindi hufupishwa, na watu wazima waliofunga husamehewa kazi ya kubeba maji.

Je, mzazi anaruhusiwa kukaa?

Anaruhusiwa, na wiki za mwanzo tunashauri akae kama mtoto hajazoea. Tunachomwomba ni akae na kazi yake mwenyewe mkononi: achukue udongo au karatasi, afanye lake. Mzazi aliyekaa mikono mitupu hujikuta amemshika mtoto mkono kabla hajajua.

## Kuhusu kile mtoto anachotengeneza

Mwanangu anarudi na mikwaruzo tu. Je, kweli anajifunza kitu?

Anajifunza, na mikwaruzo hiyo ina mpangilio kuliko inavyoonekana. Rhoda Kellogg, mwalimu wa Marekani aliyekusanya mamia ya maelfu ya michoro ya watoto wadogo kutoka nchi mbalimbali, aliainisha mikwaruzo ya msingi ya aina 20: nukta, mstari wa wima, wa mlalo, mstari wa kukunjakunja, mduara uliofungwa na kadhalika. Viktor Lowenfeld, aliyeandika kuhusu hatua za ukuaji wa uchoraji mwaka 1947, aliweka umri wa takriban miaka miwili hadi minne kuwa wa mikwaruzo, ule wa minne hadi saba kuwa wa maumbo ya kwanza yanayotambulika, na wa saba hadi tisa kuwa wakati ambapo mtoto ana namna yake maalumu ya kuchora mtu, mti au nyumba. Umri huo ni makadirio; wapo wanaotangulia na wapo wanaokawia bila kuwa na kasoro yoyote.

Angalia karatasi za mwanao kwa mfuatano, si moja moja. Mwanzoni mstari hutoka nje ya karatasi kwa sababu mkono wote unatembea kutoka begani. Baadaye duara huanza kufunga, yaani mtoto amejua kuurudisha mkono mahali ulipoanzia. Kisha siku moja duara hilo huota miguu miwili mirefu chini yake, bila kiwiliwili, na huyo ndiye mama. Usisikitike kwamba huna tumbo. Watoto wengi duniani hupitia kwenye kichwa chenye miguu kabla ya kufika kwenye mtu kamili.

Mbona mwalimu hawachorei mfano wa kufuata? Fundi hufundisha kwa kuonyesha.

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na katika mji huu lina uzito wake. Anayeliuliza amekulia mahali ambapo milango ya nakshi ya Mji Mkongwe ilichongwa na watu waliojifunza kwa kukaa miguuni pa fundi, na mpaka leo vyombo vya baharini huundwa na mafundi wanaopima kwa jicho na mkono, bila ramani ya karatasi. Mwanagenzi humwangalia fundi, humfuata, hukosolewa, hurudia. Hatuna ugomvi na njia hiyo, wala hatudai kwamba ya kwetu ni bora kwa kijana wa miaka kumi na minne anayetaka kuchonga.

Lakini mtoto wa miaka minne si mwanagenzi. Mwanagenzi anakuja akijua anachokitaka, na mkono wake umekwisha kukomaa. Mtoto mdogo akichorewa samaki na mtu mzima, huona mara moja umbali uliopo kati ya samaki yule na anayeweza kumchora yeye, na kesho yake huja na karatasi tupu akisema, “Mwalimu, nichoree samaki.” Kesho kutwa naye atasema hajui kuchora. Kwa hiyo, badala ya kumpa samaki wa karatasi, tunamletea samaki halisi. Asubuhi moja tuliweka changu wawili kwenye sinia, wametoka soko la samaki pale ufukweni, wakapitishwa mkono kwa mkono. Mmoja aligundua kwamba magamba yanateleza ukiyapapasa upande mmoja na yanakwaruza ukiyapapasa upande wa pili, akatumia kipindi kizima kutafuta namna ya kuonyesha hilo kwa kucha zake kwenye udongo. Mwingine alijaza karatasi nzima kwa jicho moja. Hakuna aliyechora samaki mwenye umbo lile la yai lenye mkia wa pembetatu ambalo sote tulifundishwa.

Ieleweke pia kwamba kutotoa kielelezo si kutofundisha. Mbinu hufundishwa waziwazi, tena kwa kuonyesha: namna ya kushika mkasi kidole gumba kikiwa juu, namna ya kukung'uta brashi kabla ya kubadilisha rangi, namna ya kuunganisha vipande viwili vya udongo kwa kuvichanja kwanza, kupaka urojo wa udongo katikati, ndipo kuvibana, maana vikigusanishwa tu vitaachana vikikauka. Mtoto akiuliza namna, anaonyeshwa. Akiuliza afanye nini, anarudishiwa swali.

Wapo wanaotukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Tunakubali, na ndiyo maana kunawa, kurudisha mkasi mahali pake na kutogusa kazi ya mwenzio si hiari.

Kwa nini msiwafundishe kuchora Tingatinga, wakajipatie riziki baadaye?

Wapo mafundi wazuri wa Tingatinga hapa mjini, na kijana anayetaka kujifunza kwao aende. Kwa watoto wadogo tunasita kwa sababu mbili. Ya kwanza ni rangi: Tingatinga huchorwa kwa rangi za mafuta zinazohitaji kiyeyusho kikali cha kusafishia brashi, na vitu hivyo havifai mikononi wala puani mwa mtoto. Ya pili ni historia yenyewe. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa kusini mwa nchi na kufariki mwaka 1972, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 bila kupita chuo chochote cha sanaa, akitumia alichoweza kukipata: vipande vya hadibodi na rangi za kawaida za dukani. Mtindo unaonakiliwa leo katika kila duka la wageni ulianzia kwa mtu aliyejifunza mwenyewe.

Kwa nini siku nyingine mtoto harudi na kitu chochote?

Kwa sababu siku hiyo alijenga kwa vifuu na kubomoa, au alichora kwenye mchanga wakati wa maji kupwa, au udongo wake umerudishwa ndooni kuloweshwa upya. Ukitaka kujua alifanya nini, muulize alianza na nini. Swali la “uko wapi mchoro wako?” humfunza kwamba asubuhi isiyokuwa na karatasi imepotea bure.

Alikuwa amechora kitu kizuri, kisha akakifunika chote kwa rangi nyeusi. Kwa nini hamkumzuia?

Tunaelewa uchungu wa kuona hivyo, na wakati mwingine nasi huuma midomo. Lakini mara nyingi mtoto mdogo hachori picha ya kutundikwa. Anasimulia jambo linaloendelea, na karatasi ndiyo jukwaa. Mtoto mmoja wa miaka mitano alichora mashua, tanga na watu watatu, vikaonekana vyote, kisha akachukua brashi pana akapitisha rangi nyeusi kutoka ukingo hadi ukingo. Mwalimu hakusema neno. Baada ya muda mtoto alichovya kidole kwenye rangi ya manjano, akaweka nukta moja moja juu ya weusi ule, zikiwa zimeachana. Alipoulizwa kama angependa kuueleza mchoro wake, alisema baba na wenzake wametoka kuvua dagaa, na zile ni karabai.

Si kila mchoro mweusi una karabai ndani yake. Mara nyingine mtoto anafurahia tu jinsi rangi nzito inavyofunika, na hilo nalo ni jambo la kugunduliwa. Kama weusi wenyewe ndio unaokutia wasiwasi, tazama swali la mchoro na matatizo ya mtoto katika sehemu ya mwisho.

Nimwambie nini anaponionyesha kazi yake?

Sema unachokiona. “Naona umeweka mistari mingi upande huu, na huku umeacha peupe.” “Hapa umebonyeza kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka.” Kauli hizi humwonyesha kwamba umetazama kweli, nazo humpa nafasi ya kuongeza maneno yake. Epuka “Hiki ni nini?”, kwa sababu huenda si kitu, na mtoto atalazimika kukubunia jina ili usiudhike. “Hongera, umechora vizuri sana!” si kosa, ila ikitolewa kwa kila karatasi bila kuitazama, watoto huing'amua mapema kuliko tunavyodhani.

Je, kuna zawadi, alama au mashindano?

Hakuna. Mwaka 1973, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa kwenye shule ya watoto ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walichagua watoto waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi bila kushurutishwa. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Wengine walipewa cheti hichohicho bila kutarajia. Wengine hawakupewa chochote. Baada ya wiki moja hadi mbili kalamu ziliwekwa tena darasani bila ahadi yoyote, na wale walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu ya muda waliotumia wenzao. Cheti hakikuwa kibaya. Kilichobadilika ni sababu ya kuchora.

Mzazi anayetaka kumpongeza mwanawe afanye hivyo kwa kumtafutia pa kutundika mchoro wake nyumbani, na amuulize kwanza kama anataka utundikwe.

## Vifaa, usalama na usafi

Vifaa vinavyotumika ni vipi, na je, ni ghali?

Vichache vinanunuliwa: karatasi za manila, krayoni, brashi, rangi za maji, mikasi yenye ncha butu. Vingi vinaokotwa au kuombwa. Fundi cherehani hutoa vipande vya vitenge na khanga. Wauza maduka hutoa maboksi. Wasusi wa mikeka hutuachia mabaki ya ukili, mengine yamekwisha kutiwa rangi. Mafundi seremala hutoa maranda. Makumbi ya nazi, yakipondwa mwisho, ni brashi nzuri ya rangi nzito. Mkaa uliopoa huchora kwenye boksi kuliko penseli yoyote. Gundi tunaipika: kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vikombe vinne vya maji, ukorogwe kama uji mpaka uwe mzito, utiwe chumvi kidogo usichache haraka, na hata hivyo utumike ndani ya siku mbili au tatu. Hapo ndipo unga unapoishia. Hatutumii unga, mchele wala maharage kuwa vitu vya kuchezea, kwa heshima ya nyumba ambazo chakula hicho kingeliwa, na kwa sababu udongo hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Rangi za jikoni tunazipenda kwa namna zinavyogeuka. Kila aliyewahi kufua kanzu yenye doa la pilau iliyotiwa binzari ya manjano anajua kwamba sabuni ya mche huligeuza doa hilo kuwa jekundu. Watoto hupaka maji ya binzari kwenye karatasi, yakikauka huchora juu yake kwa kijiti kilichochovywa kwenye maji ya sabuni, na mistari hutokea myekundu mbele ya macho yao. Kamulia ndimu, unjano hurudi. Maji ya rozela nayo, ambayo ni mekundu, huelekea zambarau na bluu yakikutana na sabuni. Hatutangulii kueleza sababu. Tunangoja aulize, na akiuliza tunamwambia kwamba rangi hizo hubadilika kulingana na ukali wa asidi au magadi uliomo katika kitu kilichozigusa.

Ni vitu gani haviruhusiwi kabisa?

Rangi ya nyumba iliyobaki, hata kama kopo ni jipya. Baadhi ya rangi za mafuta zimewahi kutengenezwa kwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Maganda mabichi ya korosho, kwa sababu mafuta yake huunguza ngozi. Matawi ya mnyaa, ambayo utomvu wake ukiingia jichoni ni wa kukimbizwa hospitali. Betri za aina yoyote, na hasa zile ndogo za saa na vitu vya kuchezea.

Makombe yanayookotwa pwani yawe matupu na yameoshwa. Watoto hufundishwa kutookota konokono wa baharini aliye hai, maana wamo wenye umbo la pia ambao huchoma kwa sumu. Shanga, kauri na vizibo hutolewa kwa wenye miaka mitano na kuendelea tu. Kanuni tunayoitumia, na ambayo mzazi anaweza kuitumia nyumbani, ni kwamba kitu kinachopenya katika lile bomba la boksi la katikati ya karatasi ya chooni hakiwekwi karibu na mtoto mdogo, kwa sababu kinaweza kumkaba.

Avae nini?

Avae fulana kuukuu. Nguo ya sikukuu humfanya mtoto akae kando, akiogopa kugombezwa. Krayoni na udongo hutoka kwa kufua. Binzari haitoki kwa urahisi, lakini ukianika nguo juani doa hufifia lenyewe.

## Shule, dini na mila

Je, darasa hili litamsaidia kusoma, kuandika na kuhesabu?

Litamsaidia kwa njia ya pembeni, na hatutaki kuahidi zaidi ya hapo. Kufinyanga, kuchana karatasi, kukata na kusuka ukili huimarisha vidole vitakavyoshika penseli. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hushika krayoni kwa ngumi. Kati ya miaka minne na sita walio wengi hufikia kuishika kwa vidole vitatu, na hufika huko kwa kutumia mikono, si kwa kujaza kurasa za herufi “a”. Duara na mistari iliyotajwa kwenye swali la mikwaruzo ndiyo hiyohiyo itakayounda herufi na tarakimu. Lakini mzazi akituletea mtoto kwa ajili hiyo peke yake, atavunjika moyo. Hapa hatufundishi herufi.

Dini yetu inakataza kuchora viumbe. Je, mwanangu atalazimishwa?

Halazimishwi mtoto yeyote kuchora chochote, viumbe vikiwemo. Kuhusu hukumu yenyewe, wanazuoni wametofautiana, na katika suala la vitu vya kuchezea watoto wengi wao hutaja hadithi sahihi kuhusu wanasesere wa Bi Aisha; lakini si kazi ya mwalimu wa sanaa kutoa fatwa. Muulize sheikh unayemwamini, kisha tuambie unavyotaka, nasi tutafuata. Mtoto asiyechora viumbe hakosi cha kufanya. Nakshi za milango, darizi za kofia, misuko ya mikeka, mawimbi, majahazi na minazi vimewatosha watu wa pwani hii kwa karne nyingi.

Anatumia mkono wa kushoto. Tumrekebishe?

Hapana. Mkono atakaofanyia kazi huamuliwa na ubongo, na kumlazimisha kubadili humchelewesha na kumtia hofu. Kula kwa mkono wa kulia ni adabu ya mezani, na nyumba itaendelea kuifundisha; brashi ni jambo jingine. Tunachofanya ni kumkalisha upande wa kushoto wa mkeka ili asigongane viwiko na jirani, na kumpa mkasi wa mashoto upatikanapo.

## Hali za pekee

Mtoto wangu hukaa kimya tu, hagusi kitu. Nimlete bado?

Mlete. Kutazama ni kushiriki, na wapo wanaotazama wiki baada ya wiki kabla ya kunyoosha mkono. Mwalimu humwekea vifaa karibu bila kumwita jina mbele ya wenzake. Mara nyingi kinachomfungua ni kazi isiyo ya sanaa: kujaza ndoo, kugawa brashi, kuosha vifuu.

Wengine hawapendi kuchafuka vidole, na udongo huwatia kinyaa kwelikweli. Hawa hupewa kijiko, kijiti, au udongo uliofungwa ndani ya kitambaa, nao hujisogeza taratibu wakitaka.

Mnapokea watoto wenye ulemavu?

Ndiyo, na kazi isiyokuwa na kielelezo huwarahisishia kuliko nyingi, kwa kuwa hakuna kipimo cha kufanana. Kwa mtoto asiyeweza kukaza vidole tunazungushia mpini wa brashi ukanda wa tyubu ya baiskeli mpaka uwe mnene. Karatasi hubanwa chini kwa gundi ili isiteleze kwa anayetumia mkono mmoja. Kwa asiyeona, au mwenye uoni hafifu, tunatumia udongo, kamba, makumbi na mchanga uliochanganywa na gundi, vitu ambavyo mstari wake unapapasika. Mtoto mwenye usonji anayesumbuliwa na kelele huwekewa mkeka wake ukutani, na mpangilio wa vituo haubadilishwi ghafla. Tunaomba mzazi atueleze mapema kinachomsaidia nyumbani, kwa sababu anamjua kuliko sisi.

Je, mchoro unaweza kuonyesha kwamba mtoto ana tatizo?

Mchoro mmoja hauonyeshi lolote la uhakika. Rangi nyeusi, zimwi, mtu asiye na mikono au nyumba isiyo na mlango ni mambo ya kawaida, na mtu asikuuzie tafsiri ya rangi kana kwamba ni ramli. Tunachokifuatilia ni mabadiliko katika mwenendo mzima: mtoto aliyekuwa mchangamfu amenyamaza, anashtuka akiguswa, hataki kurudi nyumbani, na pengine anarudia tukio moja katika mchezo na michoro. Hapo hatumhoji kwa maswali ya kumtegea. Tunamsikiliza, tunazungumza na mlezi anayefaa, na ikibidi tunapeleka taarifa kwa ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mtu yeyote anaweza kupiga namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, bila malipo.

Mwenzake ameiharibu kazi yake. Mnachukua hatua gani?

Kwanza anashughulikiwa aliyeharibiwa, si mharibifu. Anaulizwa kama anataka kuitengeneza, kuianza upya au kuiacha, na aliyeharibu humsaidia kwa namna ambayo mwenyewe ameikubali. Hatulazimishi “samahani” ya mdomoni. Ikitokea mara kwa mara kwa mtoto yuleyule, mara nyingi mkeka umejaa mno au kipindi kimerefuka, na hapo wa kurekebisha ni sisi.

Wageni wanaotembelea mji huomba kununua michoro ya watoto au kuwapiga picha. Mnaruhusu?

Haturuhusu lolote kati ya hayo. Mchoro ni mali ya mtoto, na ukishapata bei, wiki inayofuata watoto wote watachora kile kilichonunuliwa. Sababu ni ileile iliyoelezwa kwenye swali la zawadi. Picha ya uso wa mtoto haipigwi wala kusambazwa bila idhini ya mzazi, na hata akikubali mzazi, mtoto akikataa hapigwi.

Mgeni anayetaka kununua sanaa huelekezwa kwa wasanii watu wazima walioko mjini, ambao wanaishi kwa kazi hiyo. Anayetaka kulisaidia darasa anakaribishwa kuleta karatasi za manila, hasa nyeupe, maana ndizo zinazoisha upesi kuliko vifaa vingine vyote.